Mche au Sahani: Mdahalo wa Kando ya Ziwa

Klabu nyingi za mazingira katika shule za kandokando ya Ziwa Viktoria, iwe Musoma au Bukoba, Kisumu au Jinja, zina siku yao kuu moja katika mwaka: siku ya kupanda miti. Mgeni rasmi hufika akakuta shimo limekwisha kuchimbwa, huushika mche kwa mikono miwili, picha hupigwa, maji humwagwa, na kesho yake mbuzi hupita. Natia chumvi, lakini kidogo tu. Kwa vijana wengi huo ndio mlango wa kwanza wa sayansi ya mazingira, na wengine hawaoni mlango mwingine hadi wanamaliza shule. Tuseme basi hoja iliyowekwa mbele ya ukumbi ni hii: kijana wa kando ya ziwa anahitaji mche kuliko kipimo. Watetezi wakae kulia, wapinzani kushoto. Mimi nimekaa kushoto, na nalisema hilo mapema asije mtu akanidhania mwenyekiti.

Mtoa hoja anasimama, na hana haja ya karatasi. “Mheshimiwa mwenyekiti, ziwa linaumwa na kila mtu humu ndani anajua. Gugu maji liliingia mwishoni mwa miaka ya 1980 likaziba bandari. Udongo wa mashamba unateremka kila mvua inaponyesha. Mgonjwa akiwa mahututi, humwambii asubiri upime joto lake kwa miaka kumi. Unampa dawa. Mti ni dawa: unashika udongo, unaleta kivuli, unazaa matunda. Tena mti unaonekana. Mtoto anayepanda mti anajifunza kwamba mikono yake inaweza kitu, na hilo ni somo kubwa kuliko tarakimu yoyote. Wangari Maathai hakupata Nobeli mwaka 2004 kwa kujaza madaftari.” Makofi. Na mimi napiga, maana hoja ya mikono ni ya kweli: elimu inayomwachia kijana hofu bila kazi ya kufanya humfundisha kukata tamaa.

Ila mtoa hoja amemchagua shahidi anayetufaa zaidi sisi wa kushoto. Kabla ya kuwa mama wa miti, Maathai alikuwa mtaalamu wa anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na alikwenda vijijini kukusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali. Huko ndiko alikoona ng’ombe waliokonda na mito iliyogeuka rangi ya udongo, akaanza kujiuliza kama shida ya mifugo ni kupe peke yake au ni ardhi iliyovuliwa nguo. Miti ilikuja baada ya swali. Na vuguvugu la Ukanda wa Kijani alilolianzisha mwaka 1977 liliwapa akina mama malipo madogo kwa mche uliobaki hai. Ili kulipa hivyo ni lazima mtu arudi shambani baada ya miezi kadhaa, ahesabu iliyokufa na iliyosimama, aandike. Siku ya mgeni rasmi ilichukua jembe la Maathai ikaacha daftari lake nyumbani, kisha inamtaja yeye kama shahidi.

Kipimo tunachokitetea, watu wa kushoto, si mashine ya kuagizwa ng’ambo. Mwaka 1865 padri mmoja Mwitaliano, Angelo Secchi, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kutazama nyota, aliteremsha sahani nyeupe baharini ili kujua jicho linaona hadi kina gani. Hadi leo chombo hicho hakijabadilika sana: duara la sentimita 20, jeupe au lenye robo nyeusi na nyeupe, uzito chini yake, kamba yenye alama kila baada ya sentimita kumi. Unaishusha upande wa mtumbwi wenye kivuli, mchana jua likiwa juu. Ikipotea machoni unaandika kina, ukiivuta ikaonekana tena unaandika, wastani wa hivyo viwili ndio jibu lako. Kifuniko cha ndoo, rangi, jiwe na kamba vinatosha. Na isidhaniwe kuwa ni mchezo wa watoto kwa sababu ni rahisi. Mwaka 1927, katika utafiti wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa ziwa hili, ulioongozwa na Michael Graham, alikuwamo kijana wa miaka 22, Edgar Barton Worthington, aliyeshusha sahani hiyo katika maji ya mbali na ufuko akaiona hadi mita 7 hivi. Watafiti wa miaka ya 1990 waliporudia kipimo hicho, sahani ilipotea kati ya mita 1 na 3. Tofauti hiyo ni miongoni mwa ushahidi mzito kabisa tulio nao kwamba binadamu amelibadilisha ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, na nusu ya ushahidi huo ililetwa na kijana aliyekuwa na umri wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni.

Mtoa hoja ananyoosha mkono: “Maji yametibuka, sawa. Sasa umejua. Faida yake nini?” Faida ni kujua yanamuumiza nani, na hapo mambo yanakuwa ya kushangaza. Katika miamba ya upande wa Mwanza wanaishi furu wadogo wa jenasi iliyopewa jina la Kiswahili, Pundamilia. Spishi moja ina dume la buluu. Nyingine, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, ina dume lenye mgongo mwekundu. Jike humchagua dume kwa rangi. Ole Seehausen, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 1997 kwamba maji yakitibuka rangi hazionekani sawasawa, jike hukosea, na spishi mbili huanza kuchanganyika. Kwenye maji maangavu ya kisiwa cha Makobe, mwekundu na wa buluu wamebaki kila mmoja na wake. Kwenye maji mazito ya kisiwa cha Luanso wamechanganyika. Hakuna aliyewavua wakaisha, hakuna aliyewatilia sumu. Walipoteza mwanga tu. Kijana mwenye sahani na kamba, akipima kisiwa hiki na kile, anapima kitu ambacho samaki wenyewe wanakitumia kuamua nani ni nani.

Na hapo ndipo dawa ya mti inapohitaji kuulizwa maswali. Maji hutibuka kwa udongo, ndiyo, lakini hutibuka pia kwa mwani unaoshiba naitrojeni na fosforasi. Sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia katika ziwa hili hupitia hewani, kwa vumbi na moshi wa nyika na mashamba yanayochomwa, ikadondoka na mvua. Safu ya mikaratusi ufukoni haizuii moshi. Sisemi mti usipandwe. Nasema asiyejua kama maji ya mwalo wake yametibuka kwa udongo au kwa mwani hajui anatibu nini, na mara nyingi rangi ya maji na muda wa kupima vingemsaidia kuanza kukisia: kahawia baada ya mvua ni habari moja, kijani wakati wa utulivu bila upepo ni nyingine.

Sauti ya tatu inatoka nyuma ya ukumbi, ya mzee wa mwalo, na ukumbi mzima unageuka. “Shikamooni wakubwa wenzangu. Nyinyi vijana mnabishana kuhusu kamba na sahani. Sisi tunalijua ziwa kwa mkono. Tunajua mwezi wa dagaa, tunajua upepo unaoleta maji meusi na samaki wakafa juujuu. Ngege ametoka, sato amebaki, sangara amepungua. Nani alitupimia?” Marahaba hatustahili kumwitikia, ila jibu tunalo, na linaanza kwa kukubali. Watafiti wengi wamejifunza majina ya furu kutoka kwa watu kama yeye. Lakini msikilize vizuri: anasema ngege ametoka. Mjukuu wake hatasema hivyo, kwa sababu hakumwona ngege. Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly aliandika kuhusu ugonjwa huu: kila kizazi hulichukua ziwa au bahari ya ujana wake kuwa ndiyo hali ya kawaida, na hupima hasara kuanzia hapo. Kwa aliyezaliwa mwaka 2008, sangara ni samaki wa nyumbani kama ugali, maji ya kijani ni maji, na gugu maji ni sehemu ya mandhari. Kumbukumbu ya mzee ni kipimo kizuri, ubaya wake ni kwamba huzikwa naye. Kijana wa leo hana kasoro ya akili wala ya moyo. Ana kasoro moja tu asiyoweza kuiona mwenyewe: alifika amechelewa.

Thamani ya kufika mapema na kuandika tuliiona kwa sangara. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa zaidi ya miaka ishirini alionekana kama mgeni mtulivu. Mwaka 1977 kundi la watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, wengi wao wanafunzi, lilianza kuwahesabu na kuwapa majina furu wa ghuba ya Mwanza, wakati samaki hao wadogo wenye miiba hawakuwa na thamani kubwa machoni pa wafadhili. Katika miaka ya 1980 sangara akalipuka. Furu, waliokuwa na spishi zinazokadiriwa kufika 500 katika ziwa zima, wakaanza kutoweka, na baadaye Frans Witte na wenzake wakakadiria kwamba spishi zipatazo 200 zimepotea au ziko hatarini kupotea. Kadirio hilo liliwezekana kwa sababu kuna mtu aliyehesabu kabla ya mlipuko. Kama wangefika miaka kumi baadaye wangekuta nyavu zimejaa sangara, na mjadala wetu wa leo ungekuwa wa hisia: huyu anadai kulikuwa na samaki wengi wa aina nyingi, yule anamwambia ni hadithi za wazee.

“Hadithi hizo haziliwi,” anakatiza mchuuzi wa samaki aliyekuwa kimya. “Sangara ndiye aliyejenga viwanda, akapeleka minofu Ulaya, akatuachia mapanki tukale, na sasa mabondo yake yanauzwa kwa bei inayomsomesha mtoto. Furu angefanya nini? Mnataka kijana achague kati ya samaki mia tano wa kutazama na mmoja wa kuuza?” Hili si swali jipya, na si la watu wasiosoma. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika makala akionya dhidi ya mpango wa kumwingiza sangara rasmi. Mwaka uliofuata A. M. Anderson akajibu kwa kutetea uingizaji: furu ni wengi lakini ni wadogo na wana miiba, mla-samaki mkubwa atawageuza kuwa nyama yenye thamani. Ukiyasoma mabishano hayo leo unaona kwamba mchuuzi wetu na Anderson wangeelewana, na ni haki kukiri kwamba fedha aliyoitabiri Anderson ilikuja. Ambacho hesabu ile haikukibeba ni gharama za pembeni. Furu alianikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta mengi, hukaushwa kwa moshi au hukaangwa, na moshi unataka kuni, na kuni zinatoka vilimani juu ya ziwa. Na sangara mwenyewe sasa ndiye anayepimwa kwa rula: aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Mwaka 2018 Tanzania iliendesha operesheni iliyobeba jina lake, nyavu zikachomwa. Mtu wa mwalo anaijua rula ikiwa mkononi mwa anayemkamata. Hajawahi kuishika yeye. Kijana anayepima samaki wa mwalo wake kila wiki na kuweka rekodi anaweza kusema, siku ya kikao, kama wakubwa wamepungua kweli au la, na kama kosa liko kwa kokoro la jirani au kwingineko. Kwa hiyo, ndugu mchuuzi, kipimo ni kitu cha tumbo pia.

Ushahidi ninaoupenda kuliko yote hauna samaki ndani yake. Huko Jinja, mahali Naili inapotoka ziwani, kimo cha maji kimekuwa kikisomwa kwenye kigingi cha vipimo kwa zaidi ya miaka mia moja. Kazi ya kuchosha kuliko zote: kutazama namba, kuandika namba. Baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954, ilikubaliwa kwamba maji yanayoachiliwa yafuate mwenendo wa asili wa mto kulingana na kimo cha ziwa. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ziwa likashuka zaidi ya mita moja, mialo ikabaki mbali na maji, mabomba ya miji yakavuta matope. Waliohusika na umeme walilaumu ukame, na ukame ulikuwapo kweli. Lakini kwa sababu rekodi za kimo, mvua na maji yaliyoachiliwa zilikuwapo, wataalamu wa maji waliweza kugawa lawama: karibu nusu ya mshuko ilitokana na kuachilia maji kupita kiasi kilichokubaliwa, baada ya mtambo wa pili kuanza kazi mwaka 2000. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kufikia kilele cha mwaka 1964 na kukipita kidogo, nyumba zikaingiliwa na maji, na safari hii rekodi zilielekeza kidole kwa mvua. Bila kigingi cha Jinja tungesema mara zote mbili kwamba ni amri ya Mungu, au mara zote mbili kwamba ni serikali. Kujua binadamu ameathiri asili kiasi gani maana yake ni kuweza kutenga sehemu yake na sehemu ya mawingu, na jambo hilo haliwezekani kwa hamasa.

Watetezi wana pingamizi la kitaalamu: vipimo vya watoto haviaminiki. Mmoja ana macho mazuri, mwingine hana. Mmoja anapima saa nne, mwingine anajaza namba akiwa kitandani. Ni kweli kwa mambo mengi, na nisingempa kidato cha pili kazi ya kupima fosforasi. Ila tofauti ya jicho kwa jicho katika sahani ya Secchi ni ndogo ukiilinganisha na mteremko kutoka mita 7 hadi 2. Jimbo la Minnesota nchini Marekani limewatumia raia wa kawaida kupima maziwa yake kwa sahani hiyo tangu mwaka 1973, wengi wao wakiwa na boti ya kuvulia na kalamu tu, na rekodi zao zinatumiwa na mamlaka za huko. Siri ni kurudia. Kipimo kimoja cha mwanafunzi hakina maana kubwa, vipimo mia mbili vilivyochukuliwa mahali pamoja na wanafunzi tofauti humeza makosa ya mmoja mmoja. Anayejaza namba akiwa kitandani hugundulika, kwa sababu ziwa la kweli hubadilika na la kitandani hutulia. Niongeze la usalama, maana walimu wataniuliza: asiingie mtu majini. Ufuko una kichocho, na mahali pengine una mamba. Kipimo kifanyike kwenye gati au ndani ya mtumbwi wa mtu mzima anayejua kazi yake, maboya yakiwa kifuani.

Limebaki pingamizi moja, na ndilo linalonikosesha raha. Mtoa hoja ameliweka mwisho makusudi: “Fryer alijua, akaandika, na samaki akaingizwa. Hao wa Leiden walihesabu, na furu wakaisha wakihesabiwa. Mnataka tuongeze madaftari kabatini?” Siwezi kumwambia kwamba namba huzuia maangamizi. Onyo la Fryer lilichapishwa katika jarida ambalo hakuna mvuvi aliyelisoma. Lakini angalia tofauti kati yake na kigingi cha Jinja. Uamuzi wa sangara ulibishaniwa na watu wachache, na waliokuwa wapate hasara hawakuwa na tarakimu yoyote mikononi. Habari za Jinja zilitoka nje, magazeti yakazichapa, na wenye mitambo wakalazimika kujibu kwa namba badala ya maneno. Kwa hiyo naacha kutetea daftari la kabatini, hapo mtoa hoja ameshinda. Natetea ubao mweusi kwenye ukuta wa ofisi ya BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, pale wachuuzi wanapongojea dagaa, wenye tarehe, kina cha sahani, urefu wa wastani wa sangara wa wiki, na jina la mwanafunzi aliyepima. Mzee wa mwalo atapita, atasema namba ya Jumanne si kweli, na itabidi mwanafunzi amchukue mtumbwini wakaishushe kamba pamoja.

“Na akimaliza kidato cha nne?” anauliza mtoa hoja, akiwa amekwisha kukaa. Swali zuri kuliko hotuba yake. Madaftari mengi ya shule hufia hapo hapo, mwezi wa mitihani. Dawa yake ni ya kikazi tu: kamba ishikwe na wawili siku zote, mmoja wa kidato cha tatu na mmoja wa kidato cha kwanza, vipimo kumi vya mwanzo wapime wote wawili bila kuonyeshana, na tofauti zao ziandikwe kwenye ukurasa huohuo. Miaka mitatu au minne ya kwanza hakutakuwa na la kusimulia. Watakaokuja kuhitaji ukurasa wa kwanza wako darasa la tatu sasa hivi, na hawajui bado kwamba maji yaliwahi kuwa na rangi nyingine.